Lapi Moja, Akina Mama 212

Lapi yangu iliibiwa Jumanne alfajiri nikiwa nimelala hatua nne kutoka pale ilipokuwa. Naishi Highrise, ghorofa ya chini, na usiku huo kulikuwa na joto nikaacha dirisha wazi. Mwizi hakuvunja chochote. Alipitisha mkono kwa grili, akashika waya wa chaja, akavuta pole pole kama mtu anayevua samaki mpaka lapi ikafika dirishani, kisha akaipitisha kwa ubavu. Akaenda na chaja pia. Yaani huyo jamaa ni fundi, hata nilimheshimu kidogo.

Hiyo stori niliposti, mkacheka, mkanipa pole, wengine mkanitumia mia mbili mia mbili kwa M-Pesa. Asanteni sana, kweli. Lakini kuna kitu sikuwaambia siku hiyo, na sikumwambia mtu yeyote kwa siku sita.

Ndani ya ile lapi, pale pale kwa uso wa skrini, kulikuwa na faili ya Excel inaitwa "final_final2". Ilikuwa na akina mama 212 wa Makina, Lindi na Laini Saba. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, watoto wangapi, mume yupo au hayupo, anadaiwa pesa ngapi na nani. Safu ya mwisho ilikuwa ya afya: kama kuna dawa anameza kila siku, na ni ya nini.

Nilikuwa nimeandikwa kibarua cha miezi mitatu na shirika moja, kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza maswali. Walituambia wazi: ukishapakia majibu kwa mfumo wetu, futa yako. Sikufuta. Niliogopa wangekuja kusema sikufanya kazi wasinilipe, nikaweka nakala kama ushahidi. Malipo yakaingia, nakala ikabaki. Nikasahau. Hilo kosa ni langu, sitafuti wa kulaumu.

Mtu ataniuliza, si lapi ilikuwa na paswadi? Ilikuwa nayo. Jina la timu yangu na 123. Lakini hata ingekuwa ndefu kama Mbagathi Way haingesaidia, na hili nililijua nikiwa nimechelewa. Kuna fundi wa simu na kompyuta ninayemjua pale Kenyatta Market. Nilimuuliza kama "rafiki yangu" ameibiwa lapi, mwizi anaweza kusoma vitu vyake? Akacheka. Akachukua lapi iliyokufa mezani, akatoa skrubu nane za nyuma, akanitolea diski ndogo kama pakiti ya chingamu. Akaichomeka kwa mashine yake kama flashi. Picha za harusi za mtu, CV, barua, zote hizo hapo. Paswadi haikuulizwa hata mara moja. Ile paswadi ya kufungulia mashine inalinda mlango wa mbele tu, na nyumba yenyewe haina ukuta wa nyuma. Kinachofunga diski yenyewe ni kitu kingine, nitakirudia.

Sasa, hii posti ingeweza kuishia hapa na mambo matano ya kufanya. Lakini nilipokuwa stesheni nikisubiri nambari ya OB, nilimwangalia afisa akiandika kwa kalamu kwa lile daftari kubwa: jina langu, nambari ya kipande, nambari ya simu. Nikakumbuka asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeandika vitu hivyo hivyo kwa kitabu cha wageni langoni kwa rafiki yangu, na tena kwa wakala wa M-Pesa. Mara tatu kabla ya saa sita mchana, na sikuuliza hata mmoja wao kitabu kikijaa kinaenda wapi.

Na ona vile nimesema. Kipande. Sisi wote tunasema hivyo, "umebeba kipande?", na hatujiulizi hilo neno lilitoka wapi. Kama hukulala kwa darasa la historia unajua, lakini nikumbushe.

Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika wa kiume, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kuitekeleza. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipigwa alama za vidole na kupewa karatasi. Karatasi iliandikwa jina, kabila, anakotoka, mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi, na siku aliyoachiliwa, na hapo lazima mzungu aweke sahihi. Hakuna sahihi, hakuna kuondoka. Ukiondoka bila sahihi wewe ni mtoro, na vidole vyako viko Nairobi vinakungoja. Karatasi ilikaa ndani ya kikebe cha chuma, na kikebe kilining'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kama ile kengele ya mbuzi.

Fikiria hiyo kidogo. Mshahara wako wa mwisho umeandikwa kwa kitu unachovaa shingoni, kwa hivyo mwajiri mpya anajua kabla hujafungua mdomo kwamba jana ulikubali kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Watu hupenda kusema kipande kilikuwa cha kuzuia watu kutembea, na ni kweli, lakini ukisoma kilichoandikwa ndani unaona kilikuwa cha kumfanya mtu ajulikane na yule anayemzidi nguvu, huku yeye akiwa hamjui huyo mwingine hata kidogo. Na kukipoteza lilikuwa kosa lako wewe. Ukiibiwa, unalipa faini au unafungwa.

Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina hapa Nairobi, alianza kuwaambia watu waache kukubali hayo, pamoja na kodi na kupunguzwa mishahara. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ukajaa nje ya kituo cha polisi, pale karibu na chuo kikuu cha sasa. Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyumbani bila Thuku. Risasi zikapigwa. Zaidi ya watu 20 walikufa, na yeye akiwa mmoja wao. Tunapita hapo na matatu kila siku tukiwa na earphone.

Kuna kipande cha hiyo historia (samahani kwa neno) ambacho hakisemwi sana, na mimi ndicho kinachonifurahisha zaidi. Mwaka wa 1947 serikali ilipitisha sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, sio Waafrika peke yao. Yaani usawa. Sasa walowezi wa kizungu pia wapigwe vidole. Weh! Kelele zilizopigwa! Watu waliokuwa wameona kawaida kwa miaka karibu 30 mfanyakazi wao avae kikebe shingoni, ghafla waligundua kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa, ni mambo ya wahalifu. Tume ikaundwa, wakatafutiwa njia ya kukwepa vidole. Kumbe walijua. Walikuwa wanajua muda wote ni kitu gani walichokuwa wanafanyia wengine.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, 1952. Hapo rekodi zikawa nyingi: nani alihojiwa, nani alisemwa na nani, nani alipelekwa kambi gani, nani alipigwa, nani aliamuru. Aprili 1954 katika Operesheni Anvil jiji hili lilizungukwa na wanajeshi, maelfu ya watu wakapangwa mistari na kuchujwa, karatasi zao zikikaguliwa na vichwa vilivyofunikwa magunia vikionyesha nani wa kubebwa. Yote hayo yaliandikwa.

Na sasa wizi mkubwa wa data ambao nchi hii imewahi kuona. Haukufanywa na jamaa wa hoodie kwa dirisha la Highrise. Kabla ya Desemba 1963, maafisa wa Uingereza waliambiwa wazipange faili. Zile ambazo zingeaibisha serikali ya Malkia zisiachiwe Waafrika. Nyingine zilichomwa, na maagizo yalisema hata majivu yasagwe. Zikishindikana kuchomwa, zifungwe kwa masanduku yenye uzito na kutoswa baharini kwenye kina kirefu, mbali na pwani. Zilizobaki, faili karibu 1,500, zikaingia ndege zikaenda zao. Kenya ilipouliza, ilinyimwa. Zilikaa Hanslope Park, jumba lenye ulinzi huko Uingereza, hadi 2011, wakati wazee wa Mau Mau waliokuwa wameshtaki serikali ya Uingereza walipofanya kesi yao ilazimishe zitolewe. Mwaka wa 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Miaka 50, bana. Hao wazee walijua walichofanyiwa, makovu walikuwa nayo, lakini waliambiwa hakuna ushahidi. Ushahidi ulikuwa kwa rafu ya mtu mwingine. Mimi nikisikia mtu akisema data ni mambo ya watu wa teknolojia, nawaza hilo rafu.

Nirudi mtaani. Sisi wa Highrise tuna tabia mbaya ya kujifanya hatuko Kibera. Tukiulizwa tunaishi wapi tunasema "Mbagathi Way" au "hapo karibu na Lang'ata". Lakini historia ya hapa inaanza ng'ambo, kwa Wanubi. Wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia King's African Rifles waliwekwa kwenye msitu huu mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina lenyewe, Kibra, ni msitu kwa Kinubi. Mwaka wa 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Mzee akistaafu anapewa kibali cha kuishi na kulima, sio hati ya kumiliki. Kibali tu. Unaona hiyo tofauti? Kibali kinaandikwa na kushikwa na aliyekupa. Kizazi baada ya kizazi wakabaki hivyo, na Juni 2017 ndipo jamii ikapewa hati ya ardhi, ekari 288.

Katikati hapo Mnubi akifika miaka 18 hakuwa anaenda tu kuchukua kitambulisho kama mimi nilivyoenda. Alipitia kamati ya kuchunguzwa, aje na karatasi za babu. Kijana amezaliwa Makina, mama yake amezaliwa Makina, anaulizwa athibitishe yeye ni Mkenya. Bila kipande huwezi kufungua akaunti, kusajili laini ya simu, kuandikwa kazi, kuingia jumba la serikali. Kesi ya watoto wa Kinubi ilifika hadi kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto, na mwaka wa 2011 kamati hiyo ikasema Kenya imewakosea.

Kwa hivyo Kibera imepigwa pande zote mbili. Kuna wakati kuandikwa ndiko kulikuwa hatari, na kuna wakati kutoandikwa ndiko kulikuwa hatari. Halafu juu ya hayo, nadhani hakuna mtaa Kenya umeulizwa maswali kama huu. Kila mwenye shahada na clipboard amepita Kibera. Kwa miaka mingi dunia ikaambiwa hapa kuna watu milioni moja au zaidi, nambari tamu ya kuombea pesa, mpaka sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mwaka huo huo, kwa ramani nyingi za mtandao Kibera ilikuwa bado doa tupu, ndipo vijana wa hapa wa Map Kibera wakatembea na GPS na kuchora wenyewe njia, vyoo, zahanati na shule. Mtaa uliokuwa umeulizwa kila kitu haukuwa hata kwenye ramani. Majibu yalikuwa yanaenda wapi? Kwa lapi za watu kama mimi, ndiyo jibu.

Kabla ya lapi kulikuwa na saiba. Nyinyi mliofanya KCSE juzi mnaijua kwa HELB na KRA tu, lakini kaka zetu waliishi humo. Na hebu niwape kazi ndogo: siku ukiingia saiba yoyote, fungua folda ya Downloads. Utapata vitambulisho vya watu pande zote mbili, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, PIN ya KRA, barua ya hospitali. Mhudumu si mtu mbaya, ametumiwa kwa WhatsApp achapishe, akachapisha, akahudumia anayefuata. Vile mimi sikufuta, naye hajafuta.

Madhara yake tuliyaona Juni 2021. Msajili wa Vyama vya Siasa alifungua njia ya kila mtu kuangalia kwa eCitizen kama ni mwanachama wa chama. Watu wakaangalia kwa kujifurahisha. Wakapata wako kwenye vyama ambavyo hata hawajawahi kuvisikia! Mamia wakapeleka malalamiko. Chama kilihitaji majina na nambari za vitambulisho ili kisajiliwe, na majina yakapatikana. Hapo Wakenya wakaanza kuvikumbuka vitabu vyote walivyowahi kusaini: vya wakala, vya langoni, vya mikutano ya semina ukipewa soda na mia tano ya nauli.

Lakini Kibera haikukaa tu. Mwaka wa 2019 serikali ilipoleta Huduma Namba, foleni kila chifu, zaidi ya watu milioni 35 wakaandikwa kwa wiki chache. Sheria iliyoruhusu hiyo kazi ilikuwa imeongezwa kimya kimya mwaka uliotangulia, ndani ya mswada wa kurekebisha mambo mengi madogo madogo, na ilitaja hata DNA na mahali hasa unapoishi kwa GPS. Walioenda kortini kwanza ni Nubian Rights Forum, shirika la hapa hapa Kibera. Sijui kama mnaona vile hiyo ni kubwa. Watu walionyimwa vitambulisho ndio walisimama kuuliza: hii data yote itawekwa wapi, na nani ataizuia isitumike kumtoa mtu nje? Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema DNA na GPS hapana, na mfumo usiendelee bila sheria kamili ya kuulinda. Sheria ya Kulinda Data yenyewe ilitiwa sahihi Novemba 2019, kesi ikiwa bado mahakamani. Bila joto la ile kesi, mimi naamini ingekuwa bado inazunguka bungeni.

Na isiwe mnadhani hiyo sheria imekaa salama. Ule Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliotupeleka barabarani, wengi wetu tulijua mkate na sodo. Ndani yake kulikuwa pia na kipengele cha kuiondolea KRA vizuizi vya Sheria ya Data ikitafuta kodi. Hakikufika kuwa sheria. Wachache walikiona kwa sababu ushuru ulikuwa unapiga kelele zaidi.

Worldcoin nitaipitia haraka kwa sababu wengine wenu mlipiga foleni pale KICC na sitaki vita. Julai 2023 watu walitoa macho yapigwe picha na kale kampira ka chuma wapate kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Wasee walisema "macho yangu yana nini cha kuiba?" Mwaka ule maisha yalikuwa magumu, sitawacheka. Lakini paswadi unaweza kubadilisha, jicho huwezi.

Basi mimi. Siku ya sita nilishindwa kulala, nikampigia simu msimamizi wangu wa zamani. Alinyamaza muda mrefu. Halafu hakuuliza lapi ilikuwa ya aina gani. Aliuliza, "Mbona umengoja siku sita?" Kumbe sheria ina saa. Yule anayefanya kazi na data kwa niaba ya mwingine anafaa kumwambia mwenyewe ndani ya saa 48, na mwenyewe anafaa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Na kama ile data inaweza kuwaumiza watu, wao pia waambiwe. Siku sita ni saa 144. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Msimamizi akaniuliza swali lingine: diski ilikuwa imefungwa? Hapo ndipo narudia kile kitu nilichoahidi. Kompyuta nyingi za siku hizi zinaweza kuchanganya kila kilicho ndani ya diski kiwe takataka isiyosomeka bila ufunguo wako. Kwa Mac inaitwa FileVault. Kwa Windows inaitwa BitLocker, na zile lapi za Windows ya kawaida nyingi zina ndugu yake mdogo kwenye mipangilio, chini ya faragha na usalama. VeraCrypt ni ya bure kama mashine yako haina hizo. Inachukua dakika chache kuiwasha, halafu unapewa ufunguo wa dharura, nambari ndefu sana, ambayo unaandika kwa karatasi na kuiweka mbali na lapi. Usiipoteze, kwa sababu ukisahau paswadi wewe pia utakuwa mwizi kwa mashine yako mwenyewe. Kama yangu ingekuwa imewashwa, mwizi angekuwa na kipande cha chuma cha kuuza na mimi ningekuwa na shida ya pesa peke yake. Haikuwa imewashwa. Nilikuwa nimeona ile meseji ya kuiwasha mara kadhaa nikabonyeza "baadaye".

Shirika liliripoti. Halafu likaamua kila mama apigiwe, na nikaomba niwe mmoja wa wanaopiga. Nilipewa dawati kwa ofisi yao, orodha kwa skrini yao, na msimamizi amekaa kando. Sikuruhusiwa kuingia na simu yangu, na sikubisha.

Wengi walikuwa wapole kuliko nilivyostahili. Mmoja aliuliza kama hiyo inamaanisha msaada umekuja. Mmoja alidhani mimi ndiye mwizi, nataka pesa ya kurudisha, akaniambia niende nikazitafute kwa Yesu. Wengine kadhaa walisema hawakumbuki kabisa kuandikwa, walishaandikwa na watu wengi. Niliwaambia wawe macho na simu za watu wanaowajua majina na nambari za vitambulisho, wasitoe PIN hata kama anayepiga anajua majina ya watoto wao. Nilipokuwa nasema hilo la watoto sauti ilikuwa inakwama, kwa sababu majina ya watoto yangekuwa yametoka kwangu.

Kuna mama mmoja wa Makina nilimkumbuka kabla hajasema jina. Aliponijibu maswali miezi hiyo ya nyuma alinikaribisha kwa kiti cha pekee kilichokuwa na mto, akanipa chai ya tangawizi. Ile safu ya mwisho yake ilikuwa na jibu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, dada yangu wa tumbo moja hajui hiyo kitu. Nilikuambia wewe kwa sababu ulisema ni siri."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Akasema, "Sasa nikae nikingoja nini?"

Sikuwa na jibu. Msimamizi alichukua simu, akamweleza taratibu kuhusu haki yake ya kulalamika kwa Kamishna, hata dhidi yao, hata dhidi yangu kwa jina. Akampa nambari. Mama akaiandika, nilisikia akimuomba mtoto kalamu.

Tumefikia 187. Waliobaki 25 simu zao hazipatikani, wengine wamehama, wengine laini zimebadilishwa. Jumamosi saa tatu tunaanzia Lindi, nyumba kwa nyumba kama mara ya kwanza. Orodha atabeba msimamizi.